Jengo Linampa Nini Asiyenunua?

Mvua ya Kakamega haibahatishi. Kuanzia Machi hadi Mei, na tena kuelekea mwisho wa mwaka, mawingu yanajikusanya upande wa msitu mchana ukiwa bado mweupe, upepo unageuka, na kabla hujamaliza kusema "leo itanyesha" mji mzima uko mbio. Watu wa boda wanaacha pikipiki stegi. Mama wa ndizi anafunika beseni kwa nailoni. Wanafunzi wa Masinde Muliro wanasukuma simu chini kabisa ya mabegi. Ukitaka kujua majengo ya mji huu yana thamani gani, simama uangalie watu hawa wanakimbilia wapi.

Wachache sana wanakimbilia plaza mpya yenye vioo vya buluu. Mbele ya plaza hakuna pa kusimama. Ukuta umeshuka wima hadi kwenye kabro, mlangoni kuna ngazi za vigae vinavyoteleza, na juu ya ngazi kuna soja anayetaka kujua unaenda ofisi gani. Wengi wanakimbilia maduka ya zamani ya katikati ya mji, yale tunayoyaita ya Wahindi hadi leo hata kama mwenye nyumba ni Mluhya na mpangaji ni Mkisii. Mabati juu, nguzo mbele, sakafu iliyoinuka hatua moja au mbili kutoka barabarani. Wanajipanga chini ya paa, mgongo ukutani, wanangoja. Hakuna anayewauliza kitu.

Vitabu vya usanifu vina neno kwa kitu hiki: akedi, yaani njia ya watembea kwa miguu iliyoezekwa, yenye maduka ubavuni. Sisi tunasema veranda, au korido, na labda kwa sababu tunaiita hivyo hatuihesabu kuwa usanifu. Tukizungumzia majengo ya maana Kakamega tunataja chuo kikuu, uwanja wa Bukhungu, hospitali kuu. Veranda za maduka tunazipita tu. Nataka kudai hapa kwamba ndizo kazi bora zaidi ya usanifu tuliyo nayo mjini, kwamba ubora wake hauko mahali wapiga picha wanapoutafuta, na kwamba tunazipoteza bila hata mjadala mmoja wa maana.

Tuanze na jengo lenyewe. Duka la zamani la aina hii ni jembamba na refu. Upana wake ni hatua chache tu, lakini linaingia ndani sana: kwanza duka, kisha stoo, kisha vyumba vya kuishi na ua wa nyuma wenye jiko na tangi la maji. Mbele, paa la mabati linashuka na kupita ukuta, likishikiliwa na nguzo za mbao, za chuma au za zege, kutegemea mwaka na mfuko wa mjenzi. Mara nyingine kuna ukuta mfupi uliopandishwa juu ili kuficha mabati, wenye vidato kama ngazi. Katika miji mingi ya Kenya utakuta ukuta huo umebeba jina la familia na mwaka wa kujengwa, herufi zimechomoza kwenye saruji. Milango ni ya mbao, ya kukunjwa, kiasi kwamba asubuhi ukuta wote wa mbele unafunguka na duka linakuwa sehemu ya njia.

Duka moja la namna hii si kitu cha ajabu. Ajabu inaanza yakipangwa kumi kwa safu, ukuta kwa ukuta, kila moja likiunganisha veranda yake na ya jirani. Hapo ndipo unapata njia nzima iliyofunikwa, ambayo hakuna mtu mmoja aliyeijenga. Kila mwenye plot alijenga kipande chake cha hatua tano, na mji ukapata barabara ya pili iliyo kavu, sambamba na ile yenye matope. Utaiona familia hiyohiyo ya majengo ukitembea Bungoma, Kisumu, Nakuru au Machakos. Ila Kakamega, inayopata karibu milimita 2,000 za mvua kwa mwaka, takriban maradufu ya Nairobi, veranda inafanya kazi ambayo Machakos haijawahi kuombwa kuifanya.

Inafanya kazi na jua pia. Tuko juu kidogo tu ya ikweta, na jua la saa sita linatua utosini. Kioo kilichosimama wima bila kivuli kinakusanya joto kuanzia asubuhi, na ofisi iliyo nyuma yake inaishi kwa feni. Stima ikipotea, kila mtu anatoka nje. Veranda inalizuia jua kabla halijagusa ukuta. Ndani ya duka mnabaki na giza la baridi, harufu ya sabuni na majora ya vitambaa, na macho yanachukua sekunde kadhaa kuzoea. Giza hilo tumezoea kuliona kama ushamba. Kwa kweli ni hesabu iliyokokotolewa vizuri.

Nimetumia neno akedi kwa makusudi, kwa sababu wenzetu wa mbali wameliandikia sana. Walter Benjamin, Mjerumani ambaye baadaye aliishi uhamishoni Paris, alianza mwaka 1927 kukusanya maandishi kuhusu akedi za mji huo, zile njia zenye paa la kioo zilizokatiza katikati ya majengo, na alipofariki mwaka 1940 kazi yake ilikuwa haijakamilika. Kutoka kwake tulijifunza kwamba jengo la kuuzia vitu linaweza kusomwa, kwamba ndani yake mna ndoto za watu wa enzi yake. Lakini akedi za Ulaya zilikuwa na milango na walinzi. Burlington Arcade ya London, iliyofunguliwa mwaka 1819, hadi leo ina walinzi wake wenye sare, na miongoni mwa sheria zake za jadi ni kwamba ndani humo hutakiwi kupiga mbinja, kukimbia, wala kufungua mwavuli. Ilijengwa ili wenye pesa wanunue bila kuguswa na barabara. Veranda ya Kakamega haina lango. Barabara inaingia yenyewe, na matope yake, na kuku wake wa kuuza waliofungwa miguu, na mbinja zake.

Hapa ni rahisi kuanza kuimba sifa, kwa hivyo tuangalie ilikotoka, maana historia yake si ya kuimba.

Reli ilifika Kisumu mwaka 1901. Nyuma yake walikuja wafanyabiashara wa Kihindi, na mkubwa wao alikuwa Allidina Visram, aliyetandaza maduka kutoka pwani hadi Uganda. Mabati yalikuja kwa reli hiyohiyo: mepesi, rahisi kubeba, paa tayari. Kakamega ikawa makao makuu ya wilaya ya North Kavirondo mwaka 1920, badala ya Mumias. Kisha mwaka 1931 dhahabu ikapatikana, wazungu wakamiminika na sululu na mahema, na mwishoni mwa 1932 serikali ya kikoloni ikageuza haraka sheria ya ardhi ya Waafrika, iliyokuwa na umri wa miaka miwili tu, ili sehemu za hifadhi ziweze kutengwa kwa migodi. Watu wa hapa waliokuwa wameahidiwa kwamba ardhi ni yao milele walijifunza milele ya serikali ina urefu gani. Mgodi wa Rosterman ulichimba hadi mwaka 1952. Wachimbaji walihitaji unga, taa, buti, viberiti na mahali pa kukopa, na mji wa maduka ukanenepa kwa mahitaji hayo.

Miji ya aina hii ilipangwa kwa rangi. Nairobi ilikuwa imeonyesha mfano: mwaka 1902, ugonjwa wa tauni ulipoingia, wakuu waliichoma moto bazaa ya Wahindi, na miaka kadhaa baadaye mtaalamu wa afya kutoka Uingereza, W. J. Simpson, akashauri mitaa ya Wazungu, Wahindi na Waafrika itenganishwe. Mhindi alipewa plot ya bazaa, akafungiwa humo, akaambiwa asiote kuhusu shamba la nyanda za juu. Mwafrika wa Kakamega, aliyezungukwa na ardhi ya babu zake kila upande, mjini kwenyewe mara nyingi alikuwa mteja, kibarua au fundi wa nje.

Hilo neno "nje" ndilo veranda yenyewe. Mwenye duka alikuwa ndani na jora la kitambaa, fundi alikuwa nje na cherehani. Ulinunua yadi mbili ndani, ukatoka nazo hatua tatu, ukapimwa kiuno hadharani. Mpango huo ulikuwa na faida kwa wote wawili, lakini haukuwa sawa. Sakafu iliyoinuka ilikuwa mpaka: unaruhusiwa kufika hapa, na kaunta iko pale. Kuna vizazi vya watu wa hapa ambao uhusiano wao wote na biashara ya mjini ulitokea kwenye ukanda huo wa hatua mbili, kati ya mvua na kaunta.

Kwa hivyo anayesema veranda ni "urithi" aseme pia ni urithi wa nani na wa nini. Mimi nasema hivi: mpaka ule uligeuzwa na watu waliosimamishwa juu yake. Fundi aliyewekwa nje alipata mahali penye mwanga kuliko ndani, mahali ambapo kila mpita njia aliona kazi yake. Hakuhitaji bango. Alijulikana kwa jina, akapata wateja wake mwenyewe, akafunza vijana wawili watatu, na baadhi yao wakafungua maduka. Mrekebisha viatu akaja akakaa kwenye nguzo ya pili. Muuza magazeti akachukua ya tatu, na watu wakaanza kusimama hapo kusoma vichwa vya habari bila kununua, kisha kubishana. Waswahili wa pwani wangelitambua jambo hili mara moja. Kiti cha mawe kilicho nje ya nyumba yao wanakiita baraza, na neno hilohilo ndilo tunalolitumia kwa mkutano wa chifu na kwa Baraza la Mawaziri. Lugha yetu imejua tangu zamani kwamba mahali pa kukaa penye kivuli, mbele ya mlango wa mtu, ni mwanzo wa siasa.

Kisha wenyewe walibadilika. Sheria ya Leseni za Biashara ya mwaka 1967 iliwabana wafanyabiashara wasio raia wasiendeshe biashara nje ya maeneo maalum ya katikati ya miji michache mikubwa, na Kakamega haikuwa miongoni mwa miji hiyo. Familia nyingi za Kihindi nchini zilifunga milango zikaelekea Uingereza, au Kisumu na Nairobi. Shirika la serikali la ICDC likawa linawakopesha Waafrika fedha za kuanza au kununua biashara. Tunaweza kubishana mpaka kesho kuhusu haki na uonevu wa kipindi hicho, na ubishi huo una haki pande zote. Lakini kwa mhakiki wa majengo kuna jambo la kushangaza: wenye nyumba walibadilika, lugha ya kaunta ikabadilika, bidhaa zikabadilika, na jengo likaendelea kufanya kazi bila kuvunjwa hata ukuta mmoja. Duka la majora likawa la pembejeo, likawa la kaseti, likawa cyber, na baada ya mwaka 2007 likaongezewa kidirisha cha M-Pesa pembeni.

Siri ni ule wembamba. Duka la hatua tano likifilisika, linaumia peke yake, na mwezi ujao lina mpangaji mwingine. Linganisha na majumba tuliyojenga kwa ajili ya supamaketi moja kubwa. Nakumatt ilikufa, Tuskys ikafuata, na nchi nzima ikabaki na kumbi kubwa ambazo hakuna aliyejua azifanyie nini. Jengo linalotegemea mpangaji mmoja linakufa naye. Safu ya maduka kumi na mawili membamba haijawahi kufa siku moja.

Sasa tuisome plaza kwa jicho hilohilo, bila chuki. Plaza ina mambo yake mazuri. Ina vyoo. Ina ghorofa nne mahali palipokuwa na moja, na mji unaokua unahitaji ghorofa. Inampa wakili kijana, daktari wa meno na msusi wa nywele chumba cha kuanzia maisha. Ndani yake maduka yamekatwa vijichumba ambamo dada mmoja anauza viatu vya mtumba vilivyosafishwa na mwingine anauza perfyumu, na kodi wanailipa kwa sababu chumba ni kidogo. Yaani wembamba wa duka la zamani umefufuka ndani ya tumbo la plaza. Hilo nalipigia makofi.

Shida iko kwenye ngozi. Mwenye plaza amejenga hadi mwisho kabisa wa plot yake, kila inchi inatozwa kodi, na mahali veranda ilipokuwa sasa pana duka lingine, lenye kioo. Njia ya ndani ipo, lakini ni yake: ina geti linalofungwa jioni na soja anayechagua. Ndoto ya jengo hili ni Nairobi, na ndoto ya Nairobi ni Dubai, ambako watu wanapanda gari lenye kiyoyozi hadi mlango wa duka lenye kiyoyozi. Sisi tunatembea. Tunashuka mathree stegi na tunamaliza shughuli zote kwa miguu. Jengo lililoota Dubai linatuambia tungoje nje, na nje kwenyewe halikujenga.

Cha kuuma zaidi ni hesabu ya safu. Veranda inafaa ikiwa imeungana. Ukivunja maduka mawili katikati ya kumi na mawili ukaweka plaza, hujaondoa sehemu mbili za kumi na mbili za njia kavu. Umeikata njia yote. Mtu anayetembea na mtoto mgongoni anafika kwenye plaza, anashuka kwenye mtaro uliofurika, anazunguka, anapanda tena. Baada ya plaza ya tatu hatembei tena upande huo. Mafundi waliokuwa kwenye veranda zilizobaki wanapoteza wapita njia, wenye maduka wanaona biashara imelala, na wanaamua nao kuuza plot. Safu inakufa kama meno yanavyong'oka, la kwanza linalegeza la pili.

Hata zilizosimama zinaliwa taratibu. Huyu ameweka grili kati ya nguzo, akapata chumba cha bure cha kupangisha. Yule ametandaza mitungi ya gesi na magodoro mpaka ukingoni. Kampuni za simu na za rangi zimepaka kuta na nguzo rangi zao kutoka sakafuni hadi kwenye mabati, bure, na mwenye duka anashukuru, ila maandishi ya mkono ya fundi wa mabango, yale yenye kivuli cha herufi na picha ya suti iliyochorwa kwa subira, yamefunikwa chini ya kijani au nyekundu inayofanana kutoka Busia hadi Garissa. Kisha kila baada ya muda kanjo wanashuka kwenye gari, wanafukuza wachuuzi kwa jina la kufungua njia, wanabeba beseni la mama wa ndizi, na kuiacha ile grili palepale. Grili ina mwenyewe mwenye plot. Beseni lina mama tu.

Mvutano huu si wetu peke yetu, na kuutazama kwingine kunasaidia. Stamford Raffles alipoupanga mji wa Singapore mwaka 1822, aliagiza kila nyumba ya biashara iwe na veranda ya upana uliowekwa, iliyo wazi wakati wote, inayoungana na ya jirani pande zote za barabara. Alikuwa mkoloni kama wakoloni wetu, na mji aliupanga kwa makabila na rangi vilevile. Watu wakazijaza veranda hizo kwa bidhaa, majiko na vinyozi. Manispaa ilipojaribu kuzisafisha kwa nguvu mnamo Februari 1888, maduka yalifungwa na ghasia zikazuka mitaani. Lakini agizo lenyewe halikufa. Leo, zaidi ya miaka 200 baadaye, mtu anaweza kutembea mitaa mizima ya zamani ya Singapore mvua ikinyesha bila kulowa. Kilichookoa veranda zile ni kwamba zilikuwa kanuni ya mji, na hazikutegemea roho nzuri ya mwenye nyumba.

Za kwetu zilitegemea mazoea. Mwenye plot alijenga veranda kwa sababu jirani alijenga, kwa sababu mabati yaliruhusu, kwa sababu ndivyo duka lilivyo. Mazoea yalipobadilika hapakuwa na kitu cha kuyashika.

Kuna wanaosema suluhisho ni makumbusho. Sheria ya Makumbusho ya Kitaifa na Urithi ya mwaka 2006 inampa waziri uwezo wa kutangaza jengo lenye thamani ya kihistoria kuwa la kuhifadhiwa. Sipingi; safu moja iliyosalia vizuri ingestahili. Lakini sheria hiyo hulinda vitu, na hapa kitu chenyewe ndicho sehemu dhaifu ya hoja yangu. Mabati yameshika kutu. Mbao zimeliwa na mchwa. Sakafu zilijengwa kila moja kwa kimo chake, kwa hivyo unapanda na kushuka kila hatua tano, na mtu wa kiti cha magurudumu hajawahi kuifaidi njia hii hata siku moja tangu ijengwe. Usiku pembe zake zinanuka mkojo, na msichana anayetoka kazini saa mbili anapendelea katikati ya barabara kwenye mwanga. Tukiigandisha veranda ilivyo, tunagandisha na makosa yake. Isitoshe, najua itakavyokuwa: itapakwa rangi ya krimu, itawekewa mkahawa wa kahawa ya shilingi mia nne, na fundi wa cherehani ataambiwa haendani na mandhari.

Cha kulinda ni ule mpango: ukanda uliofunikwa, unaoungana, ulio wazi, mbele ya kila jengo la biashara katikati ya mji. Katiba ya 2010 imeipa kaunti kazi ya mipango ya miji pamoja na masoko na leseni za biashara. Maana yake ofisi inayowatuma kanjo ndiyo inayopitisha ramani za plaza. Inaweza kusema: jenga ghorofa sita ukitaka, vioo weka, lakini ghorofa ya chini irudi nyuma hatua tatu, nguzo zako zisimame kwenye mstari wa jirani, sakafu iwe kimo kimoja na yake, ukingo uwe na mteremko wa kiti cha magurudumu, taa iwake usiku, na hakuna grili. Kama hatua tatu hizo zinakutia hasara ya kodi, chukua ghorofa moja ya ziada kama fidia. Hii si ndoto. Kuna majengo ya miaka ya sitini na sabini Nairobi na Kisumu, marefu kabisa, ambayo wasanifu wake waliyasimamisha juu ya nguzo na kumpa mpita njia kivuli chini yake. Walijua. Ni sisi tuliosahau tulipoanza kuhesabu kodi kwa inchi.

Na fundi? Kanuni bila yeye ni korido tupu. Mpe mstari uliochorwa sakafuni: upande wa ukutani ni wa cherehani, kiatu na gazeti, upande wa barabarani ni wa kupita. Atozwe ada ya siku anayoiweza na apewe risiti, ili asifukuzwe mahali alipolipia. Kwa mpango huo, ukanda aliowekwa babu yake kama mtu wa nje ungekuwa, kwa mara ya kwanza, mahali pake kisheria.

Wasomaji wa gazeti hili wengi wenu mnaishi mijini, na pengine mji wako si Kakamega. Haidhuru. Chagua siku ya mvua wiki hii. Tembea kutoka stegi hadi soko kwa njia unayoijua, bila mwavuli, na uhesabu mara ngapi ulilazimika kushuka kwenye matope, na mbele ya jengo gani. Andika majina ya majengo hayo. Ramani za mji zinapopelekwa kwa wananchi kutoa maoni, na sheria inataka zipelekwe, nenda na karatasi hiyo. Utakuta wahandisi, mawakili na wenye plot wakizungumzia maegesho ya magari. Uliza swali moja tu kuhusu kila mjengo mpya unaotaka kusimama: unampa nini mtu asiyenunua?